Mtoto Akivunjika, Tazama Vidole Kwanza

Maembe yakianza kuiva Pwani, wodi za mifupa hupata wageni. Mtoto wa miaka sita yuko juu ya mti, tawi linamponyoka, anaanguka na kutanguliza mkono ili ajizuie. Mkono umenyooka, kiwiko kimekaza, uzito wote wa mwili unapita hapo, na mfupa wa mkono wa juu unakatika sentimita chache juu ya kiwiko. Pasipo na miembe ni kitanda, ngazi, bembea ya shule, baiskeli isiyo na breki au bodaboda. Watoto huanguka mwaka mzima.

Mwongozo huu ni kwa yeyote atakayekuwa karibu siku hiyo: mzazi, bibi, dada wa kazi, mwalimu wa zamu. Mfupa wa mtoto huunga upesi na vizuri kuliko wa mtu mzima, na ni mara chache mvunjiko wenyewe umpotezee mtoto mkono. Kinachompotezea ni kitambaa kilichokazwa juu yake, na siku zinazopita kabla hajafika hospitali. Vyote viwili viko mikononi mwa mtu mzima aliye naye, ndiyo maana nitavirudia mpaka uvichoke.

Dakika za mwanzo

Usimnyanyue kwa kumvuta mkono. Mwache akae au alale alivyo, umtazame kabla hujamshika. Mfupa uliovunjika na kusogea hujionyesha wenyewe: mkono umepinda pasipopaswa kupinda, umevimba upesi, na mtoto hataki mtu ausogelee. Uliovunjika bila kusogea hujificha. Mtoto mdogo hawezi kukueleza panapouma. Utaona tu anacheza kwa mkono mmoja, anakataa kusimama, au amerudi kutambaa na jana alikuwa anakimbia.

Kuchezesha vidole si ushahidi kwamba hajavunjika. Maneno ya "mbona anachezesha vidole, huyu kateguka tu" yamewachelewesha watoto wengi nyumbani. Vidole huchezeshwa na misuli na mishipa ya fahamu, na hivyo vyaweza kubaki vizima mfupa ukiwa vipande viwili. Tena kwa watoto kuteguka ni nadra kuliko tunavyodhani. Kano zinazoshika maungio yao mara nyingi ni imara kuliko sehemu changa ya mfupa iliyo jirani, kwa hiyo nguvu ambayo ingemtegua baba huweza kumvunja mwanawe. Ipo hali moja ya tofauti: mtoto wa kati ya mwaka mmoja na minne aliyevutwa mkono ghafla, labda akivushwa barabara, kisha akauacha mkono unaning'inia na hakuna uvimbe. Huyo kwa kawaida kichwa cha mfupa wa kigasha kimechomoka kidogo kwenye kano yake pale kiwikoni. Mhudumu anayejua hukirudisha kwa kuuzungusha mkono mara moja, na baada ya muda mfupi mtoto anaokota biskuti kwa mkono uleule. Lakini kama kulikuwa na kuanguka au kuna uvimbe, usikubali mtu auzungushe kabla ya picha.

Kisha zuia mkono au mguu usicheze. Gazeti nene lililokunjwa au kipande cha boksi kinatosha kuwa banzi. Weka nguo laini ndani, funga kwa kanga au kilemba juu na chini ya palipovunjika, si juu yake penyewe, na uache vidole nje uvione. Fungia mkono ulivyoukuta. Kuunyoosha si kazi yako. Mguu waweza kuufunga pamoja na mwenzake, nguo ikiwa katikati. Vua saa, bangili na uzi wa hirizi mkononi kabla uvimbe haujapanda, kwa sababu saa mbili baadaye vitakuwa vimezama kwenye nyama.

Dawa ya maumivu mpe, usingoje hospitali. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtoto wa kilo 20 hupata miligramu 300, na kipimo hicho hurudiwa baada ya saa sita. Aspirini si dawa ya watoto. Ya kumezea ni maji kidogo. Chakula na maziwa viache, maana akihitaji kulazwa kwa nusukaputi watataka ziwe zimepita kama saa sita tangu alipokula, na uji uliompa njiani kwa huruma utamfanya angoje zaidi. Kumbuka saa aliyokula mara ya mwisho, utaulizwa.

Kama kuna jeraha karibu na palipovunjika, hata la ukubwa wa punje ya mchele, lihesabu kuwa mfupa umefika nje. Funika kwa kitambaa safi na uondoke. Usipake majivu, kahawa, mafuta ya taa wala dawa ya meno, na usijaribu kuurudisha mfupa ndani. Mtoto huyu anahitaji dawa ya kuua bakteria kwa njia ya mshipa mapema iwezekanavyo, chanjo ya pepopunda, na kuoshwa kidonda ndani ya chumba cha upasuaji. Kila saa inayopita inawaongezea vijidudu nafasi ya kukaa mfupani, na maambukizi ya mfupa yakishaingia huweza kudumu miaka.

Aina za mvunjiko, na kwa nini si zile za watu wazima

Mfupa wa mtoto hunyumbuka, na umevikwa utando mnene wenye damu nyingi. Ndiyo sababu huvunjika kwa namna ambazo mtu mzima hana.

Mwepesi kuliko yote ni wa kubonyea: mtoto anaangukia kiganja, na mfupa wa kigasha karibu na kilimbili unajikunja upande mmoja bila kukatika. Huu hauhami mahali pake. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet, wenye watoto 965, uliwalinganisha waliofungwa bendeji laini na waliowekewa kinga ngumu. Maumivu na matumizi ya mkono vilikuwa sawa. Ukiambiwa mwanao ana mvunjiko wa aina hii na hakuwekewa plasta nzito, usidhani amepuuzwa.

Wa pili ni ule uitwao wa kijiti kibichi. Ukikunja kijiti kilichokatwa mtini sasa hivi, upande mmoja unachanika na wa pili unapinda tu. Kigasha cha mtoto hufanya hivyohivyo. Ukiwa umepinda sana hunyooshwa kwa dawa ya usingizi, kisha plasta wiki sita hivi, na picha hurudiwa wiki ya kwanza na ya pili kwa sababu huwa na tabia ya kurudia kupinda ndani ya plasta. Wapo pia watoto ambao mfupa wao hupinda wote kama upinde bila ufa wowote kuonekana pichani, na wapo wadogo wa mwaka mmoja hadi mitatu wanaopata ufa mwembamba wa kuzunguka kwenye muundi baada ya kuteleza tu sakafuni. Huyu wa mwisho anakataa kukanyaga, picha ya kwanza inaweza kuonekana safi kabisa, na ya baada ya siku kumi ikaonyesha mfupa mpya ukijijenga. Daktari akikwambia "picha haionyeshi kitu lakini namfunga, mrudishe wiki ijayo", huyo anajua kazi yake.

Mtulinga, mfupa wa juu ya kifua unaokwenda begani, huvunjika mara nyingi na hauhitaji zaidi ya mkono kuning'inizwa kwa kanga wiki mbili hadi tatu. Pataota nundu. Nundu hiyo ni mfupa mpya, na huyeyuka yenyewe kwa miezi.

Sasa lile linalohitaji umakini: bamba la ukuaji. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna tabaka la gegedu ambamo mfupa hurefukia mpaka mtoto amalize kukua. Gegedu halionekani kwenye eksirei, linaacha mwanya mweusi tu, ndiyo maana wakati mwingine wanapiga picha mkono wa pili ulio mzima pia ili walinganishe. Mwaka 1963 madaktari wawili wa Toronto, Canada, Salter na Harris, waliyapanga majeraha ya bamba hilo katika makundi matano, na mpaka leo utaona majina yao kwenye faili la mwanao pamoja na namba. Namba 1 na 2 kwa kawaida hutengemaa kwa kunyooshwa na kufungwa; ya 2 ndiyo inayoonekana zaidi. Namba 3 na 4 zimeingia ndani ya ungio, na mara nyingi lazima vipande vipangwe sawasawa na kushikwa kwa waya au skrubu. Namba 5 ni bamba lililosagika. Siku ya kwanza haijulikani kwa urahisi, hugundulika baadaye mguu unapobaki nyuma ya mwenzake.

Majeraha haya huunga kwa kasi sana. Baada ya wiki moja hivi tayari yameshika, na kuyavuta ili kuyanyoosha kunaweza kuliua bamba lenyewe. Mtoto aliyefika siku ya pili hunyooshwa kwa dakika chache. Yuleyule akifika siku ya kumi na mbili, daktari anaweza kulazimika kumwacha amepinda, kwa sababu kumnyoosha sasa kuna madhara kuliko kupinda. Wazazi huona huo ni uzembe, lakini siku za kumnyoosha zilikwishapita.

Ukuaji huohuo ndio unaowapa watoto uwezo ambao sisi tumeupoteza, wa mfupa kujinyoosha wenyewe. Hujinyoosha zaidi mtoto akiwa mdogo, mvunjiko ukiwa karibu na bamba linalofanya kazi kubwa, na kupinda kukiwa kwa upande uleule ambao ungio hukunjukia. Uliozunguka haujirudishi. Na mabamba hayalingani kazi. Mfupa wa mkono wa juu hupata kama asilimia 80 ya urefu wake kutoka begani na 20 tu kutoka kwenye kiwiko. Kwa hiyo mvunjiko wa karibu na bega, hata ukiwa umepinda wa kukutisha pichani, mara nyingi huachwa kwenye kanga na baada ya mwaka huuoni. Wa kiwikoni ukiungwa vibaya utabaki vibaya.

Kiwiko

Hapa nitakaa zaidi.

Mvunjiko wa juu ya kiwiko, ule wa aliyeanguka mwembeni, huwapata sana watoto wa miaka mitano hadi saba. Gartland aliupanga mwaka 1959 katika daraja tatu, na hizo pia utazisikia wodini. Daraja la kwanza mfupa haujasogea. Plasta wiki tatu inatosha. La pili umelala nyuma lakini bado umeshikana upande mmoja. La tatu vipande vimeachana kabisa, na hapo mtoto hulazwa usingizi, mfupa hurudishwa mahali pake, kisha waya mbili au tatu nyembamba hupitishwa kutoka nje ya ngozi kuushikilia. Ncha za waya huachwa nje, zikapindwa na kufunikwa na plasta. Baada ya wiki tatu au nne hutolewa kliniki, mara nyingi bila nusukaputi. Mzazi huogopa kuziona kuliko mtoto anavyoogopa kutolewa.

Mbele na kandokando ya mfupa huo, palepale unapokatikia, umepita mshipa mkubwa wa damu wa mkono na mishipa mitatu ya fahamu inayokwenda kwenye vidole. Ncha ya mfupa iliyochongoka inaweza kuibana au kuitoboa. Ndiyo maana nasema tazama vidole kwanza. Vishike: vina joto sawa na vya mkono wa pili? Bonyeza kucha mpaka iwe nyeupe, achia. Wekundu unapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Mwambie agusanishe ncha ya kidole gumba na ya shahada afanye duara. Kisha akunje ngumi, atanue vidole, anyanyue dole gumba juu. Akishindwa kufanya duara na ncha zikabaki zimelala, upo mshipa wa fahamu ulioumia; wengi hupona wenyewe baada ya wiki au miezi, ila lazima iandikwe kabla ya kumgusa ili ijulikane ulikuwa hivyo. Mkono mweupe, wa baridi, usiorudisha damu ni dharura ya saa hiyo. Usingoje asubuhi, usingoje nauli ya basi iwe rahisi.

Uvimbe huendelea kupanda siku mbili hadi tatu. Misuli ya kigasha imefungwa ndani ya ganda lisilotanuka, na uvimbe ukizidi humo damu haipiti tena. Ukiongeza bendeji iliyokazwa au mabanzi ya mianzi yaliyofungwa kwa kamba, umelibana ganda kutoka nje pia. Misuli ikikosa damu huanza kufa ndani ya saa chache, na baada ya saa nane hivi sehemu kubwa haiwezi kuokolewa. Inayokufa hukauka na kufupika, mkono ukabaki umekunjamana kama ukucha wa ndege. Volkmann, daktari mpasuaji wa Ujerumani, alieleza hali hiyo mwaka 1881 na kuihusisha na bendeji zilizobana mno. Ikizidi zaidi ni mkono mweusi, na mkono mweusi hukatwa.

Ukikaa mapokezi ya wodi ya mifupa utayasikia mazungumzo haya kwa sura nyingi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu mjukuu wangu kaanguka juzi. Tumempeleka kwa fundi kamkanda, kamfunga vizuri. Sasa usiku halali, analia tu."

"Tangu lini analia hivyo, bibi?"

"Tangu alipofungwa."

Muuguzi hamwulizi zaidi. Anachukua mkasi na kukata kamba zote mpaka kwenye ngozi, hapohapo kwenye benchi.

Bibi huyo anampenda mjukuu wake kuliko sisi sote, na fundi wa mifupa aliye mtaa wa pili ni wa karibu na bei yake inajulikana, wakati hospitali ya rufaa iko mbali na haijulikani itadai nini. Sioni sababu ya kuwadharau. Ila kwa kiwiko cha mtoto lazima niseme wazi: kukanda kunadhuru. Kunauchochea mfupa kuota ndani ya misuli, na kiwiko kilichokandwa huishia kigumu, hakikunjuki wala hakikunjiki. Mafuta ya moto juu ya uvimbe huongeza uvimbe. Na banzi lililofungwa siku ya kwanza likaachwa bila kulegezwa ndilo linaloleta watoto wa kukatwa mikono. Kama fundi ni mtu wa kwenu na humwachi, basi mwombe asiguse mpaka picha ipigwe, na asikaze.

Dalili ya hatari ni maumivu yanayopanda badala ya kushuka. Mtoto aliyekwisha kufungwa na kupewa dawa anapaswa kutulia. Akizidi kuhangaika, akiomba dawa tena na tena, akipiga kelele ukimnyoosha kidole kimoja taratibu, akisema ganzi au sindano zinamchoma, usingoje vidole vibadilike rangi, hiyo huja mwisho. Kama ni banzi au bendeji, ikate yote kwa urefu mpaka uone ngozi, na urudi hospitali usiku huohuo. Kama ni plasta ngumu kamili, rudi mbio, waipasue. Kwa sababu hiihii mhudumu makini hamfungi mtoto plasta ya mzunguko siku ya kwanza. Humwekea nusu plasta upande wa nyuma na bendeji, ndipo amalizie uvimbe ukishuka. Una haki ya kuuliza.

Kiwiko kina mtego mwingine, wa upande wa nje. Kipande kidogo huvunjika hapo, sehemu yake kubwa ni gegedu lisiloonekana, na picha humfanya mtu aseme "hamna kitu". Kikisogea zaidi ya milimita mbili kwa kawaida huhitaji kushikwa kwa waya, na kikiachwa huenda kisiunge kabisa. Miaka baadaye mkono hupinda kuelekea nje na kidole cha mwisho hufa ganzi. Uvimbe na maumivu vikikaa upande wa nje wa kiwiko, omba picha ya kuulaza mkono mshazari. Na mkono wa mtoto ukivunjika kigasha, picha lazima ionyeshe kiwiko na kilimbili, kwa kuwa mfupa mmoja ukivunjika wa pili waweza kuwa umechomoka kiwikoni bila mtu kuona.

Paja

Paja huvunjika kwa nguvu kubwa, kama gari, pikipiki au kuanguka kutoka juu, na tiba hufuata umri. Mchanga wa chini ya miezi sita hupona kwa mikanda maalumu ya kuishika miguu, wiki tatu au nne. Wadogo wa chini ya miaka miwili na kilo zisizozidi 12 hivi huweza kulazwa chali, miguu yote miwili ikavutwa juu wima kwa uzito. Ukimkuta hivyo usishtuke. Ni namna ya zamani na inafanya kazi. Jambo lako wewe ni kupitisha kiganja kati ya makalio na godoro: lazima kipite kwa shida kidogo. Kisipopita, uzito haumvuti, mwite muuguzi. Na miguu miwili itazamwe rangi na joto mara kwa mara, hata ule mzima, kwani nao umefungwa.

Kutoka hapo mpaka kama miaka mitano huwekwa plasta inayoanzia kiunoni na kushuka mguuni, au huvutwa mguu kitandani wiki kadhaa kwanza. Wa miaka mitano hadi kumi na moja, kwenye hospitali zenye vifaa, huingiziwa nondo mbili nyembamba zinazonyumbuka ndani ya mfupa na kurudi nyumbani baada ya siku chache. Wakubwa zaidi au wazito hupata vyuma vigumu. Kuunga huchukua wiki tatu kwa mtoto mchanga, nane hivi kwa wa miaka minane, kumi na mbili kwa wa kumi na miwili. Paja la mtoto wa miaka miwili hadi kumi hurefuka kupita kiasi baada ya kuvunjika, sentimita moja au zaidi, kwa damu nyingi inayokuja kuunga. Daktari akiacha ncha zipandane kidogo, amelipigia hesabu hilo.

Plasta ya kiunoni ni kazi ya nyumba nzima. Inua kichwa cha kitanda ili mkojo ushuke usirudi ndani. Nepi ndogo iingizwe chini ya ukingo wa plasta, kubwa ifungwe juu yake, na zibadilishwe kabla hazijajaa. Mgeuze kila saa mbili au tatu mchana, umlaze kifudifudi pia. Chakula kidogo mara nyingi, maana tumbo limebanwa.

Plasta ikiwa nyumbani

Plasta ya jasi, ambayo wengi huita POP au hogo, hukauka kwa siku moja hadi mbili. Ikiwa mbichi ishike kwa kiganja, ncha za vidole huacha mashimo yatakayombana ndani. Usiifunike shuka. Mkono ulale juu ya mto, juu kuliko moyo, siku tatu za mwanzo, na vidole vichezeshwe kila anapokuwa macho. Maji ni adui. Mfuko wa nailoni husaidia dakika chache za kuoga, si mvua. Atawashwa. Kijiti, rula na sindano ya kufumia vitamchubua ngozi mahali usipoona, na harufu mbaya au unyevu unaotokeza wiki ya pili mara nyingi huanzia hapo. Puliza hewa baridi ndani, au pigapiga plasta kwa nje. Msumeno wa kuikatia una kelele ya kutisha lakini meno yake hutikisika tu, hayazunguki, mwambie mapema. Ukisikia anasema panaunguza, mhudumu asimame kidogo.

Maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharage, mayai na jua la asubuhi vyamtosha. Supu ya mifupa si mbaya, ila madini yaliyomo ni kidogo kuliko sifa yake.

Mifupa inayovunjika bila sababu ya kutosha

Mtoto aliyevunjika kwa kuanguka kitu kidogo, au kwa mara ya tatu, achunguzwe zaidi: matege ya kukosa vitamini D, uvimbe wenye maji ndani ya mfupa, ugonjwa wa kuzaliwa nao wa mifupa myepesi. Mwenye homa na maumivu makali ya mfupa bila kuanguka huenda ana usaha mfupani, na mwenye selimundu yuko kwenye hatari hiyo zaidi. Huyo hafungwi akaachwa, hulazwa na kupewa dawa.

Na mtoto asiyetambaa bado hajivunji paja. Hadithi isipolingana na jeraha, au mbavu zikionekana pichani zimevunjika kwa nyakati tofauti, daktari atauliza maswali yatakayokukera. Lazima ayaulize. Ukishuku mtoto anapigwa, wako au wa jirani, simu 116 ni ya bure Tanzania na Kenya.

Baada ya plasta kutoka

Ngozi itakuwa na magamba na nywele, mkono mwembamba, kiwiko kigumu. Osha kwa maji ya vuguvugu, paka mafuta, usisugue. Kiwiko cha mtoto hakihitaji kulazimishwa. Mwache ale, achore, achote maji kwa kikombe, kitarudi chenyewe kwa wiki na miezi. Hata hapa hakikandwi wala hakinyooshwi kwa nguvu. Mpira na miti vingoje mpaka daktari aseme.

Aliyeungwa vibaya zamani hajachelewa kabisa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, CCBRT Dar es Salaam, Kenyatta Nairobi na hospitali ya watoto ya CURE kule Kijabe zina madaktari wa mifupa, na mfupa uliopinda huweza kukatwa na kunyooshwa upya.

Kama mvunjiko ulipita kwenye bamba la ukuaji, hasa la goti au kifundo cha mguu, usiitupe karatasi ya kliniki maumivu yakiisha. Arudi baada ya miezi sita na baada ya mwaka, apigwe picha. Kati ya hizo, kila miezi michache msimamishe kwenye sakafu iliyo sawa, miguu mitupu, umtazame kwa nyuma kama nyonga ziko usawa mmoja, kisha kwa mbele kama magoti yote mawili yanaangalia mbele. Ukiona upande umeshuka, mpeleke mwezi huohuo, wakati bado ana miaka ya kukua inayoweza kutumika kumrekebisha.